Jalada la ithibati lisilorudishwa: namna ya kuonyesha kwamba wanafunzi wenu wamejifunza

Tangu mwaka wa masomo uanze nimeletewa majalada manne ya ithibati, yaani ya kuomba programu ya chuo itambuliwe rasmi, niyasome kabla hayajapelekwa mbele. Mawili ni ya hapa hapa Mtwara, mawili yalipanda basi kutoka Lindi. Yote yana ugonjwa mmoja. Kuna mihutasari ya vikao, vyeti vya walimu, picha za maktaba, na kurasa nyingi za alama: A ngapi, B ngapi, wenye sapu (mtihani wa marudio) wangapi. Ukitafuta alichojifunza mwanafunzi, unafika jalada la nyuma mikono mitupu.

Alama peke yake haithibitishi kujifunza. B+ inaweza kuwa imebebwa na mahudhurio, kazi ya kikundi aliyoifanya mtu mmoja usiku wa mwisho, na maswali mawili yaliyokuwa kwenye desa, yale makaratasi ya kukariri yanayozunguka kwa wanafunzi. Jopo linalokuja kukagua programu kwa niaba ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) lina wahadhiri kama sisi, na siri hiyo wanaijua. Wanataka kuona mnyororo mzima: mlitaka wanafunzi waweze nini, mliwapima vipi, mlikuta nini, mlibadilisha nini, na baada ya hapo hali ikawaje. Majalada yote manne yamekatikia kwenye "mlikuta nini".

Hapa chini nafuata mfano wa programu moja ya biashara ya kilimo, kwa kuwa ndiyo niliyokaa nayo muda mrefu. Wa ualimu au wa sheria, badilisheni mfano, hatua ni zile zile. Jitengeeni semista mbili. Anayewaambia inawezekana kwa wiki mbili anawafundisha kughushi.

## Andaa hivi kwanza

- Mtaala wa programu ulioidhinishwa. Si rasimu, si nakala yenye masahihisho ya kalamu.
- Mwongozo wa kila kozi, uliochukuliwa mkononi mwa mwalimu anayeifundisha sasa. Ule ulio kwenye kompyuta ya idara mara nyingi ni wa mtu aliyehama zamani.
- Karatasi 20 za majibu ya mtihani uliopita. Kama darasa lina wanafunzi 60, chukua kila ya tatu kwenye orodha ya usajili. Usichague kwa mwandiko mzuri.
- Nakala safi ya karatasi hizo, isiyo na wino mwekundu. Kuanzia semista ijayo, zitolewe nakala kabla hazijasahihishwa.
- Mwalimu wa pili ambaye hakufundisha kozi hiyo.
- Laptopu yenye Excel na flashi mbili. Umeme wa huku mnaujua.
- Karatasi za kufunikia majina na namba za usajili. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kazi ya mwanafunzi yenye jina lake haipaswi kuzungukazunguka mezani. Zipe karatasi namba 1 hadi 20. Orodha ya nani ni nani abaki nayo mwalimu wa kozi.
- Mchana mmoja mzima, mlango umefungwa, simu zimewekwa pembeni.

## 1. Chagua matokeo mawili tu

Kila mtaala una matokeo ya ujifunzaji, yaani mambo ambayo mhitimu lazima aweze kuyafanya. Kwa kawaida ni nane, kumi, hata kumi na manne. Idara ikijaribu kuyapima yote kwa mara moja, inapima moja kwa shida na mengine inayajaza kwa maneno.

Chagueni mawili: moja ambalo mnaamini mnalifanya vizuri, na moja linalowauma. Lile linalouma ndilo litakalowapa cha kusimulia. Mengine yapangieni miaka inayofuata, na mpango huo uingie kwenye jalada ili asije mtu akadhani mmeyasahau.

Hatua hii imekamilika pale ambapo kikao cha idara kimekubaliana na muhtasari umeandikwa. Nusu ukurasa unatosha.

## 2. Liandike tokeo mpaka lionekane kwa macho

Hili nimelikuta kwenye jalada mojawapo: "Mwanafunzi ataelewa masoko ya mazao." Kuelewa kunakaa kichwani, na hakuna mkaguzi anayeingia huko. Tafuta kitenzi ambacho mtu akikifanya unamwona.

Sisi tuliliandika upya hivi: "Mwanafunzi aweze kukokotoa malipo halisi ya mkulima anayeuza kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na kumweleza mkulima huyo kila kato kwa lugha anayoielewa."

(Stakabadhi ghalani ni mfumo ambao mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa stakabadhi, kisha mazao yanauzwa kwa mnada.) Angalia lina vipande viwili, kukokotoa na kueleza. Kipande cha pili kilizua ubishi mrefu kikaoni. Mwenzetu mmoja alisema kazi ya chuo kikuu si kufundisha watu kuongea na wazee wa Tandahimba. Nikamuuliza wahitimu wetu wanaoajiriwa na vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima wanashinda wakiongea na nani. Kikabaki.

Jaribio: msomee tokeo lako mlinzi wa getini. Akikuuliza "kwa hiyo atafanya nini hasa?", rudi mezani.

## 3. Chora ramani ya kozi

Chora jedwali. Kushoto matokeo yako mawili, juu kozi zote za miaka mitatu. Kwenye kila kisanduku andika herufi moja: U kama kozi inaanzisha jambo hilo, K kama inalikuza, P kama inalipima kwa alama.

Usijaze wewe peke yako ofisini. Kila mwalimu ajaze ya kwake, kisha mkae pamoja. Mtakuta tokeo lenye U tano na P sufuri, maana yake kila mmoja anagusia na hakuna anayepima. Au P ipo mwaka wa kwanza tu, jambo likisubiri kusahaulika miaka miwili.

Mnahitaji angalau P moja mwaka wa mwisho. Ikiwa haipo, mmeshapata kasoro yenu ya kwanza, na kasoro iliyogunduliwa na idara yenyewe ina heshima kuliko ile ya kuonyeshwa na mgeni.

## 4. Tunga kazi inayopima jambo hilo hilo

Tokeo linasema "kukokotoa", mtihani unasema "taja faida tano za stakabadhi ghalani". Hapo umepima kumbukumbu, na desa linatosha kuivuka.

Swali letu lilikuwa hili, kwa kifupi: mkulima wa Tandahimba amepeleka kilo 840 za korosho ghafi kwenye chama cha msingi. Bei ya mnada ni shilingi 2,900 kwa kilo. Makato yote kwa pamoja ni shilingi 150 kwa kilo. Atapokea kiasi gani? Mwandikie maelezo mafupi. (Namba ni za mtihani tu, asije mtu akanipigia kuuliza bei ya msimu.)

Jibu ni 2,310,000: kilo 840 mara 2,900 ni 2,436,000, toa 126,000 za makato.

Tahadhari moja kuhusu wingi wa kazi. Kwa utaratibu wa TCU krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ndani na nje ya darasa. Kozi ya krediti 10 ina saa 100 tu, mihadhara ikiwemo. Ukitaka kuongeza ripoti ya kurasa ishirini, sema kwanza ni nini kinaondoka.

## 5. Wasahihishe wawili, kila mtu chumba chake

Hapa ndipo idara nyingi huruka, na hapa ndipo pana mali.

Andika jedwali la vigezo. Kwetu vigezo vilikuwa vitatu: hesabu, maelezo kwa mkulima, na mpangilio. Kila kigezo kina ngazi nne, na kila ngazi ina sentensi inayosema karatasi ya ngazi hiyo inafananaje. "Nzuri", "wastani" na "hafifu" havitoshi, kwa sababu wastani wangu ni hafifu yako.

Kisha mwalimu wa kozi na yule wa pili wasahihishe zile nakala 20 bila kuonana. Siku ya kwanza kwetu, karatasi namba 11 ilipata 14 kati ya 20 kwa mmoja na 8 kwa mwenzake. Karatasi ile ile! Tuliiweka mezani tukaisoma kwa sauti. Mwanafunzi alikuwa ameandika hesabu sahihi, kisha chini yake: "Makato ni kwa mujibu wa taratibu." Basi. Mmoja wetu aliyaita hayo maelezo. Mwingine alisema mkulima akiambiwa hivyo ataondoka na hasira zile zile alizokuja nazo.

Ugomvi huo ndio uliotupa sentensi ya ngazi ya tatu: "Anataja kila kato, anasema ni kiasi gani kwa kilo na jumla yake." Karatasi namba 11 ikashuka ngazi ya pili kwa wote wawili bila manung'uniko.

Linganisheni karatasi kwa karatasi. Kipimo chetu ni angalau 14 kati ya 20 kuwa ngazi moja kwa wasahihishaji wote wawili, katika kila kigezo. Zikipungua, rekebisheni sentensi za vigezo na mrudie kwa karatasi nyingine. Msigawanye tofauti katikati ili yaishe. 14 na 8 ikiandikwa 11, mmefuta habari pekee mliyokuwa nayo.

Hifadhini jedwali la kwanza lenye mikwaruzo pamoja na lile la mwisho, kwa kuwa mikwaruzo ndiyo inayoonyesha kwamba kazi ilifanyika.

## 6. Soma makosa, wastani uache

Wastani wa darasa ulikuwa 58. Nambie, 58 inakwambia ufundishe nini Jumatatu?

Panga karatasi 20 sakafuni kwa mafungu, kufuatana na namna zilivyokosea. Yetu yalikuwa manne:

Fungu la kwanza, karatasi 6: hesabu sahihi, maelezo yanaeleweka.
Fungu la pili, karatasi 5: hesabu sahihi, maelezo hakuna au ni maneno ya kupamba.
Fungu la tatu, karatasi 7: jibu ni 2,435,850.
Fungu la nne, karatasi 2: mengineyo.

Fungu la tatu ndilo la kukaa nalo. Watu saba, waliokaa madawati tofauti, na jibu moja lisilo sahihi. Ukitoa 2,435,850 kwenye 2,436,000 unapata 150. Wamekata shilingi 150 mara moja kwa mzigo mzima, badala ya kila kilo. Makosa saba yanayofanana yana sababu moja nyuma yake.

Msikimbilie kuandika "wanafunzi ni dhaifu katika hesabu". Jiulizeni kwanza swali ambalo vyuo vyetu hulikwepa: kilichoshindwa ni hesabu, au ni Kiingereza cha mtihani? Mwalimu wa kozi aliwaita watano kati ya wale saba, mmoja mmoja, akawauliza jambo lile lile kwa Kiswahili, bila karatasi. Watatu walijibu sawasawa papo hapo. Mmoja wao akacheka: "Mwalimu, baba anakatwa kila msimu, hiyo naijua tangu shule ya msingi. Ila kwenye swali nilidhani ni ada ya kujiandikisha."

Tukalisoma swali upya. Yale maneno ya "kwa kilo" yalikuwa mwisho kabisa wa sentensi ya mistari mitatu. Kosa hilo lilikuwa letu. Wawili waliobaki, hata kwa Kiswahili, walikata mara moja. Hao ndio waliokuwa hawajaelewa.

Kwa hiyo fungu moja lilificha matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. Wastani usingeyatenganisha hata kwa miaka kumi.

Kama mna maswali ya kuchagua. Fanyeni hesabu mbili kwa kila swali. Ya kwanza, ugumu: waliopata gawanya kwa wote waliojibu. Swali lililopatwa na karibu wote, au na karibu hakuna, halikwambii kitu. Ya pili, uwezo wa kutenganisha. Panga darasa kwa jumla ya alama, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini; kwa wanafunzi 60 ni 16 kila upande. Kama 13 wa juu wamepata na 5 wa chini wamepata, ni 8 gawanya kwa 16, yaani 0.5, na hilo ni swali zuri. Ikitoka chini ya sufuri, wa chini wanapata kuliko wa juu. Angalia funguo za majibu kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi mwalimu ameandika B alipotaka D.

Mko tayari kusonga mbele mkiweza kumaliza sentensi hii bila kutaja asilimia: "Wanafunzi wetu wanaweza ..., lakini wanakwama pale ..., kwa sababu ..."

## 7. Badilisha kitu kimoja, chenye mwenyewe na tarehe

"Walimu wahimizwe kuboresha ufundishaji." Hiyo ni dua. Mpango una cheo cha mhusika, tarehe na gharama.

Wetu ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza, kwa kosa letu: kila swali la hesabu lisomwe na mwalimu asiye wa kozi kabla ya kwenda kuchapwa, na sentensi yenye kipimo isizidi mstari mmoja. Wa pili, kwa waliokuwa hawajaelewa: mihadhara miwili iondolewe, mahali pake yaingie mazoezi ya kusoma nakala za stakabadhi halisi kutoka chama cha msingi, majina yakiwa yamefutwa. Mwanafunzi anaandika maelezo, anarudishiwa ndani ya wiki moja yakiwa na maoni bila alama, anaandika tena.

Mtaniambia kazi isiyo na alama haifanywi. Kweli, tulipoanza walileta kumi na wawili tu. Tulichofanya ni kuweka sharti: asiyeleta rasimu ya kwanza hapokelewi ya pili, na ya pili ndiyo ina alama za kosiwaki, yaani kazi za semista kabla ya mtihani. Wiki iliyofuata foleni ilifika ngazini.

Msibadilishe mambo sita kwa pamoja. Matokeo yakipanda hamtajua ni lipi lililosaidia, na yakishuka pia hamtajua.

## 8. Pima tena, kwa swali ndugu

Swali lile lile halifai, kwa kuwa kufikia mwezi wa pili liko steshenari ya getini likiuzwa pamoja na majibu. Tungeni swali ndugu: ugumu ule ule, mazingira tofauti. Sisi tulihamia Nachingwea, kilo 620 za ufuta, bei 3,400, makato 120 kwa kilo. Jibu ni 2,033,600. Na mkiona 2,107,880 mnamjua huyo ametoka fungu lipi.

Vigezo viwe vile vile, karatasi ziwe 20 zilizochukuliwa kwa njia ile ile, na msahihishaji wa pili awe yule yule kama bado yupo.

Waliopata hesabu walitoka 11 wakawa 15. Wenye maelezo yanayoeleweka walitoka 6 wakawa 7, yaani hawakusogea. Tukaandika hivyo hivyo. Karatasi 20 ni chache, na darasa la mwaka huu si la mwaka jana, kwa hiyo msitangaze ushindi kwa asilimia zenye nukta. Andikeni: hesabu imeboreka, maelezo bado, mwakani tutajaribu mazoezi ya mdomo. Msomaji mwenye uzoefu huamini zaidi jalada lenye jambo lililoshindikana, kwa sababu kwake yeye pia yanashindikana.

## 9. Panga jalada

Kila tokeo lipate sehemu yake, kwa mpangilio huu: tokeo lenyewe na ramani, kazi na vigezo, sampuli za majibu (moja ya juu, moja ya kati, moja ya chini, majina yamefunikwa), mlichokuta, mlichobadilisha, kipimo cha pili. Muhtasari wa kikao ingizeni ukurasa unaohusika tu, na mstari unaohusika uwekewe alama.

Kabla ya kupeleka, mpeni mwalimu wa idara nyingine kwa dakika kumi, kisha mchukueni. Mwulizeni: tulitaka nini, tulipimaje, tulikuta nini, tukabadilisha nini, ikawaje? Akikosa jibu moja, jalada halijaiva. Tatizo huwa mpangilio kuliko ukosefu wa ushahidi.

Wanafunzi nao wataulizwa na jopo. Msiwakaririshe. Wapeni tu nakala ya lile jedwali la vigezo mapema, kama mlivyotakiwa kuwapa tangu wiki ya kwanza ya semista. Mwanafunzi aliyewahi kurudishiwa rasimu yenye maoni ataieleza mwenyewe, tena kwa mifano.

Jalada letu la tokeo la kwanza lilitoka na kurasa 23. La zamani lilikuwa maboksi matatu. Mawili yamerudi stoo, la tatu linazuia mlango wa ofisi kusi inapovuma.